Ukuta Uliotoa Jasho Barmen

Kijana akitumwa na kanisa la nyumbani kuja kuhudumu Ujerumani, hupokelewa kwa nyimbo na hotuba, kisha hukabidhiwa funguo. Huyu wetu, Mhaya wa Bukoba, alikabidhiwa funguo za chumba kimoja na jiko, ghorofa ya tatu, mtaa wa Barmen mjini Wuppertal. Ulikuwa mwezi wa Novemba. Miti ilishapukutika majani, na ikifika saa kumi na moja jioni jua limeshazama.

Barmen imefungamana na historia yetu. Shirika la kimisionari la Rheinische Mission, lililoanzishwa 1828, lilikuwa na makao yake hapa. Mwaka 1971 liliungana na Misheni ya Betheli, ambayo watu wake walifika Usambara 1891 na Bukoba 1910. Tangu 1996 shirika lililotokana na muungano huo ni mali ya makanisa ya Afrika, Asia na Ulaya kwa pamoja. Siku hizi vijana wa Tanzania huja kuhudumu huku, kama vijana wa Kijerumani wanavyokwenda kwetu.

Kijana wetu alikuwa mchapakazi. Asubuhi alihudumu katika shule ya chekechea ya usharika, jioni alikuwa na vijana, na Jumapili hakukosa ibada. Baridi ndiyo iliyomwandama hadi chumbani. Akafunga dirisha na kuziba upenyo wake kwa taulo, akafungua hita mpaka mwisho, na juu ya hita akaanika nguo alizofua. Jikoni akabandika ndizi na maharage kama alivyozoea kwao, sufuria ikitokota bila mfuniko jioni nzima. Kila alfajiri kioo cha dirisha kilikuwa kinachuruzika maji. Aliyafuta kwa kitambaa, akamshukuru Mungu kwamba ndani kuna joto, akaenda kazini.

Siku chache kabla ya Krismasi alinipigia simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona sauti imekunyong'onyea?"

"Dada, ukuta umeota ndevu."

Nilipanda ile treni ya kuning'inia inayopita juu ya mto Wupper tangu 1901, nikashuka Barmen, nikapanda ngazi. Alikuwa ameshalivuta kabati. Nyuma yake, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, ukuta ulijaa madoa meusi, na mengine yalikuwa na manyoya ukiyatazama kwa karibu. Suti aliyoshonewa na wanakwaya wenzake walipomuaga ilikuwa na unga wa kijani kwenye kola na mikono. Kitabu chake cha nyimbo kilikuwa kimevimba, kurasa zimegandana.

Alinieleza yote. Madoa aliyaona mapema, akadhani bomba limepasuka ndani ya ukuta. Akaogopa kusema, maana yeye ni mgeni. Akanunua rangi nyeupe, akapaka usiku. Baada ya siku kadhaa madoa yakajitokeza tena juu ya rangi mpya, na safari hii yalikuwa mengi zaidi. Harufu ya rangi nayo ilishashuka ngazi hadi chini, kwa mama mwenye nyumba.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, mjane mstaafu, amevaa aproni. Alisalimu kwa kifupi, akatazama ukuta, kisha akatoa mfukoni kipimo kidogo cha unyevu na kukiweka mezani. Tukakisubiri kitulie. Kilisoma asilimia 82. Bila neno akaenda dirishani, akalichomoa taulo, akafunga hita, akafungua mabawa yote mawili ya dirisha. Akaenda jikoni akafanya vilevile. Baridi ilitupiga usoni.

Kijana akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Dada, ananifukuza. Joto lote analitoa nje."

Mama yule alisimama amekunja mikono, anatazama saa. Dakika kumi zilipotimia alifunga madirisha, akafungua hita, akamwita kijana aje kuangalia kipimo. Kilikuwa kinashuka. Baada ya kitambo kilisoma chini ya 60, na chumba kilishaanza kurudisha joto lake. Kijana aliinama juu ya ile namba, akainua uso, akauliza kwa Kijerumani chake: "Mara ngapi kwa siku?"

Hapo ndipo somo lilipoanza, nami nikawa mkalimani kila alipokwama. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa ukuta wa nje uliopoa, mvuke ule hugeuka maji. Nyuma ya kabati hewa haitembei, maji hayakauki, na kuvu haihitaji zaidi ya hayo. Sufuria inayotokota, nguo mbichi juu ya hita, hata pumzi ya mtu aliyelala usiku kucha, yote ni maji yanayotafuta pa kutokea. Kwa hiyo madirisha yafunguliwe wazi kabisa asubuhi na jioni, dakika tano hadi kumi, hita ikiwa imefungwa. Yasiachwe nusu wazi siku nzima, maana hapo ukuta ndio unaopoa. Kabati likae mbali kidogo na ukuta wa nje.

Maelekezo hayo ya madirisha yalikuwamo katika mkataba wa nyumba ambao kijana alikuwa ameutia saini. Lakini angeyaelewaje? Bukoba dirisha hushinda wazi, nguo huanikwa juani, na mvuke wa chungu hutoka wenyewe mlangoni. Hakuna mtoto wa kwetu aliyewahi kufundishwa kuitoa hewa nje ya nyumba.

Jumamosi tulifanya kazi watatu. Tulivaa barakoa na glavu, tukailowesha karatasi iliyobandikwa ukutani chini ya rangi, tukaibandua na kuifungia ndani ya mfuko. Ukuta tukaupangusa kwa spiriti ya asilimia 70, madirisha wazi na majiko yamezimwa, kwa kuwa spiriti hushika moto haraka. Suti ilipelekwa kwa dobi, ikarudi na doa hafifu kwenye kola. Aliivaa hivyohivyo kwenye ibada ya Krismasi na kusoma somo. Mama mwenye nyumba alimpandishia mfuniko wa sufuria.

Nayasimulia haya kwa sababu yananiuma. Misheni imewahi kugharimu watu maisha kwa kutojua mambo ya nyumba. Mmisionari Krapf alifika Mombasa Mei 1844, na Julai ya mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga kwa sababu ya homa. Uhusiano wa mbu na malaria ulithibitishwa na daktari Ross mwaka 1897, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Wao hawakuwa na wa kuwaambia. Sisi tunao. Wapo waliokwisha kuhudumu huku wakarudi, nao wamekaa Bukoba, Karagwe na Lushoto na maarifa yao, hawaulizwi.

Makanisa yanayotuma yawaite hao. Kabla kijana hajaagwa kwa kwaya na harambee, akae nao siku nzima afundishwe hita, dirisha, mapipa ya taka, saa za ukimya na mkataba wa nyumba, mstari kwa mstari. Na sharika zinazopokea zimtume mtu apande ngazi wiki ya kwanza, si kwa ukaguzi bali kwa kumwonyesha. Kijana wetu alificha ule ukuta kwa kuwa aliona aibu kumuuliza mwenyeji jambo dogo kama dirisha. Aibu hiyo tunaweza kumwondolea tangu nyumbani, kwa kumwambia wazi kwamba kuuliza ni sehemu ya utume wake.