Kilemba cha Dola Milioni 500

Umeamua kununua televisheni ya mtu mwingine, ung'oe bango lake, utundike lako. Keti kwanza tuzungumze. Kazi hii ina taratibu zake, na ukiruka moja tu utajikuta umeshika mwiko wakati chungu kimeshahamia jiko la jirani. Nitakuelekeza kwa mfano mmoja wa Marekani ambao mpaka leo unaniuma: Al Jazeera America, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 20 Agosti 2013 na kuzimwa tarehe 12 Aprili 2016.

Anza kwa kuielewa fremu. Aliyewahi kuhangaikia fremu ya duka pale Kariakoo anakijua kilemba: pesa unayompa mpangaji anayetoka ili akuachie nafasi, kabla hata hujamfikia mwenye jengo. Chaneli ya kebo huko Marekani inaishi hivyohivyo. Studio ni yako, kamera ni zako, watangazaji unawalipa wewe, lakini mlango wa kuingilia sebuleni kwa mtazamaji ni wa kampuni ya kebo au ya dishi. Huyo ndiye anayepanga vifurushi na kukupa namba, ya karibu au ya mbali. Mfano wa fremu unapinda mahali pamoja tu: hapa mwenye jengo ndiye anayekulipa wewe, senti chache kwa kila nyumba kila mwezi. Kwa hiyo ana sababu mbili za kukutazama kwa jicho kali. Unamkalia nafasi, na unamla pesa.

Al Jazeera, shirika la habari la Qatar, ilijua habari hiyo. Chaneli yake ya Kiingereza ilikuwa hewani tangu Novemba 2006, na kampuni kubwa za kebo za Marekani karibu zote hazikuifungulia. Iliingia sehemu chache tu, kama Toledo katika jimbo la Ohio, mji mkuu Washington, na Burlington, mji mdogo wa Vermont ambao ulimiliki mtandao wake wa kebo. Hao wa Burlington nawapenda. Mwaka 2008 watu walipotaka chaneli hiyo iondolewe, wananchi waliitana mikutanoni, wakabishana ana kwa ana, na ikabaki. Lakini mji mmoja haukulishi. Ukitaka nchi nzima, na wenye majengo wamekunyima fremu mpya, linabaki jambo moja: kumtafuta mpangaji aliyechoka.

Aliyechoka alikuwa Current TV. Kabla hujamlipa kilemba mtu wa namna hiyo, uliza fremu yake imebadili mabango mangapi. Mwanzo nafasi ile ilikuwa ya Newsworld International, chaneli ya habari zilizoandaliwa na Wakanada. Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais, na mwenzake Joel Hyatt waliinunua, na Agosti 2005 wakaigeuza kuwa Current, chaneli ya vijana yenye video fupifupi, nyingine zikitengenezwa na watazamaji wenyewe. Wazo lilikuwa zuri na lilikuja mapema. Mwaka huo YouTube yenyewe ndiyo kwanza inazaliwa. Watazamaji hawakutosha. Bango likageuzwa tena, sasa ikawa siasa: mwaka 2011 akaletwa Keith Olbermann, mtangazaji mwenye jina na mdomo, na kufika 2012 ameshaondolewa. Fremu iliyouza vitabu, kisha viatu, kisha chipsi ina wateja ambao wameshazoea kuipita bila kugeuka.

Al Jazeera ilitangaza kuinunua mwanzoni mwa Januari 2013, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 500. Hapa inakuja hatua ambayo nakusihi usiiruke: soma mikataba ya mpangaji anayetoka, tena soma hasa vipengele vinavyoeleza kitakachotokea mali ikibadili mikono. Siku ileile ya habari za mauzo, Time Warner Cable, moja ya kampuni kubwa kabisa za kebo nchini wakati huo, ilisema mkataba wake na Current umekwisha na inaiondoa. Mamilioni ya nyumba yakapotea kabla bango jipya halijachorwa. Agosti ikafika, na saa chache kabla ya matangazo ya kwanza, AT&T nayo ikakataa kuibeba kwenye huduma yake ya televisheni, U-verse. Al Jazeera ikaenda mahakamani. Al Jazeera America ikafungua duka ikiwa na nyumba zisizofika milioni 50, katika nchi iliyokuwa na nyumba kama milioni 100 zilizolipia televisheni. Time Warner Cable ilikubali kuirudisha baadaye mwaka huo, ila mtazamaji anayekutafuta siku ya uzinduzi akakukosa, hana desturi ya kurudi miezi mitatu baadaye kuuliza kama umefika.

Kuhusu jina, wengi watakuambia ndilo lililoiua. Msomaji wa pwani anajua jazira ni kisiwa, neno lisilomtisha mtu. Kwa Wamarekani wengi jina hilo lilibeba miaka ya baada ya Septemba 2001, kanda za Osama bin Laden, na maneno makali ya Donald Rumsfeld alipokuwa Waziri wa Ulinzi. Hata hivyo nasema walifanya vyema kulibakiza. Ukijificha nyuma ya jina la kubuni, siku utakapogundulika watu watauliza ulikuwa unaficha nini. Lawama yangu kwao ni nyingine: jina zito halitambulishwi kwa mabango ya barabarani. Linatambulishwa kama walivyofanya Burlington, kwa kukaa na watu, kuulizwa maswali magumu na kuyajibu.

Sasa njoo kwenye hatua ninayotaka uikariri. Usizibe dirisha ili upewe mlango.

Mapema mwaka 2011, waandamanaji walipojaa Medani ya Tahrir mjini Cairo, Wamarekani ambao kebo zao hazikuwa na Al Jazeera walifungua kompyuta zao wakaitazama moja kwa moja kwenye intaneti. Walikuja wengi, bila tangazo, bila kifurushi, bila kuombwa. Mwezi Machi Hillary Clinton, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, aliwaambia maseneta kwamba chaneli hiyo inapata watazamaji Marekani kwa sababu inatoa habari za kweli. Fikiria bahati hiyo. Watu wenyewe wamevuka uzio kuja kwako, na serikali iliyokuwa ikikununia inakusifia mbele ya Seneti.

Lakini kampuni ya kebo hailipi senti kwa kitu ambacho mteja wake anakipata bure kwenye simu. Mikataba iliyonunuliwa kwa kilemba kile ilitaka matangazo ya bure yakatwe. Al Jazeera America ilipoanza, matangazo ya moja kwa moja ya Al Jazeera English yalifungwa kwa watu walioko Marekani, na video zake nyingi kwenye YouTube zikazuiwa kwao. Mwanafunzi aliyekuwa akitazama usiku chumbani kwake, mhamiaji aliyekuwa akifuata habari za kwao, yule aliyeanza na Tahrir akabaki, wote walikutana na ujumbe kwamba video hii haipatikani nchini mwao. Wakaambiwa waende kwenye kebo, na wengi wao hawakuwa na kebo, wala hawakuwa na mpango wa kuilipia. Waliokuwa na kebo hawakuwa wamemwita mgeni huyu. Basi akakaa katika mamilioni ya sebule akiwa kwenye namba za mbali, na usiku ule unaoitwa wa watazamaji wengi akawa na makumi machache tu ya maelfu.

Hili ndilo linaloniuma, kwa sababu chakula kilichokuwa jikoni kilikuwa kizuri. Chaneli ilifungua ofisi 12 ndani ya Marekani, mpaka kwenye miji ambayo wenzao walikuwa wanafunga zao. Iliahidi dakika kama sita tu za matangazo ya biashara kwa saa, wakati wengine wanazidisha mara mbili ya hapo. Kipindi chake cha uchunguzi, Fault Lines, kilipata tuzo za Peabody kwa kazi za mwaka 2013, moja ikifuatilia kipindupindu nchini Haiti na nyingine viwanda vya nguo vya Bangladesh. Waandishi wale walifanya kazi ambayo mtu angejivunia kuwaonyesha wanawe. Ukiwa na kazi ya namna hiyo mkononi, lipa kwanza deni la kuifikisha kwa wanaoitaka, ndipo ufikirie rangi ya nembo.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Hesabu miaka, usihesabu mwaka. Al Jazeera inategemea fedha za Qatar, na Qatar inauza gesi na mafuta. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilizidi dola 100, na Januari 2016 lilikuwa karibu na dola 30. Tarehe 13 ya mwezi huohuo wafanyakazi waliitwa wakaambiwa chaneli itafungwa. Mwaka mmoja nyuma kulikuwa na ugomvi wa ndani, kesi na kujiuzulu, na mkuu wake akabadilishwa Mei 2015. Nyumba yenye ugomvi wakati mfadhili anabana mkono haina wa kuitetea.

Na ikibidi kushusha bango, lishushe kwa heshima ya waliolibeba. Waambie wewe mwenyewe, mapema, na uwape muda wa kutafuta kazi. Zihifadhi kazi zao mahali zitakapoonekana. Kisha nenda dirishani. Al Jazeera ilifika huko: AJ+, kitengo cha video za mtandaoni kilichozaliwa mwaka 2014 pembeni ya chaneli kubwa, kiliendelea kuishi baada yake. Na mwaka huohuo wa 2016, baada ya fremu kufungwa na mikataba ya kebo kuisha, matangazo ya Kiingereza yalifunguliwa tena kwenye intaneti kwa watazamaji wa Marekani, bure, kama yalivyokuwa siku zile za Tahrir.