Bwawa Lililotoka Ubelgiji

Nyumba ambayo maji yake hayana uhakika haina amani, na wewe msomaji uliyeoa ukaishi huku kwetu Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma kwenye barabara ya Rutshuru, huhitaji shahidi. Maji ya mji huvutwa kutoka Ziwa Kivu, na ziwa liko chini, sisi tuko juu tukitazamana na volkano ya Nyiragongo. Siku bomba linapokauka, bidoni ya lita 20 hupandishwa kwa mgongo au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kila mgongo una bei yake. Kuchimba tangi ardhini usiwaze. Hapa ukipiga sululu unapiga mwamba wa volkano, na sululu ndiyo inayoumia.

Kwa hiyo shemeji yangu aliyeko Ubelgiji alipotuletea bwawa la kuogelea la watoto, hakuna mtu mzima aliyefikiria kuogelea. Lilikuwa la duara, kuta zake kitambaa kizito cha PVC, fremu yake mabomba ya chuma, upana wa mita 3 na kimo cha sentimita 76. Mke wangu alilitazama likiwa bado ndani ya boksi akasema, "Baba Okapi, hilo ni tangi la mvua." Nyumbani tunamwita Serikali, kwa kuwa tamko lake halikatiwi rufaa. Watoto walilia, tangi likabaki tangi.

Okapi ni binti yetu wa kwanza. Jina hilo amelipata kutoka Radio Okapi, maana jambo likitokea jikoni kwetu, majirani wanalo kabla sufuria haijaipuliwa. Mdogo wake tunamwita Chukudu, kijana asiyepita penye mzigo bila kuubeba, hata kama mwenyewe hajaomba msaada. Na juu yetu sote yuko mama mkwe, Mwamikazi. Huyu, mlima Nyiragongo ulimkimbiza Januari 1977, ukamkimbiza Januari 2002, ukamkimbiza tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mara ya mwisho lava ilipita juu ya nyumba yake, akaja kwetu na kuku wake watatu na mwavuli. Ndiyo maana katika mambo ya mawe hakuna anayembishia. Alitusimamia tukiokota changarawe moja moja mahali pa kuliweka bwawa, kisha tukamwaga mchanga, tukatandika mikeka ya zamani na shitingi juu yake. Lita moja ya maji ni kilo moja. Bwawa lile likijaa linachukua karibu lita 4500, yaani tani nne na nusu zinakaa juu ya kitambaa, na jiwe letu dogo tu lenye ncha lingetosha kulitoboa chini.

Mfereji wa mabati ukaelekezwa, mvua za mwezi wa tisa zikaanza, tukawa na maji. Serikali ikatoa sheria: ya mvua ni ya kufua, kudeki na chooni. Ya kunywa na kupikia yanatoka bombani na kutiwa klorini. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Moshi wa Nyiragongo una gesi zinazoifanya mvua yetu kuwa na asidi na floridi, ndiyo maana mabati yanaoza mapema na ndiyo maana unaona huku meno yenye madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kuyachemsha maji hakuiondoi, hata uchemshe mpaka kesho.

Shida ikabaki usoni mwa maji. Majivu, vumbi la barabara, majani ya mkaratusi, wadudu, vyote vilikuwa vinaelea, na Serikali ikichota ndoo inapata mchuzi. Ndani ya boksi kulikuwa na kifaa cha kazi hiyo: kikasha cha plastiki chenye mdomo mpana na kikapu ndani, cha kupachikwa kwenye tundu la ukuta, usawa wa maji. Ulaya pampu huvuta maji ya juu, yanaingia mdomoni, taka zinabaki kikapuni. Pampu yetu Serikali iliikataa siku ileile, inakula yuniti za umeme. Lakini mimi niliona kwamba hata bila pampu, mvua ikizidi, maji ya juu yatatokea kwenye mdomo huo na kuondoka na uchafu wake. Nilifurahi sana, ndugu yangu. Nililala nikikifikiria kikasha.

Ugumu wa kazi ni ukuta wenyewe. Tangi gumu la plastiki unalitoboa, unapachika, unakaza. Kitambaa kilichobanwa na maji kimevutwa kila upande kama ngozi ya ngoma, na mkato wowote wenye kona unatafuta njia ya kuendelea. Utaratibu wake ni huu: unaweka ubao nyuma ya kitambaa, unachora, unatoboa matundu ya skrubu peke yake, unaweka raba ndani na nje, unafunga fremu ya kikasha, unakaza skrubu kwa mkono ukivuka upande hadi upande. Kitambaa kikishabanwa vizuri kati ya raba mbili, hapo ndipo kisu kinapita ndani ya fremu. Kukata ni kazi ya mwisho.

Raba za kwenye boksi zilikuwa zimepasuka. Nikashuka mjini, sokoni Birere, kutafuta nyingine, nikaacha maagizo kwa sauti ya kusikika.

Sasa kuna mdogo wa Serikali, fundi pikipiki, tunamwita Rubani kwa jinsi anavyoendesha. Rubani ana moyo mwema kuliko watu wote ninaowajua, na moyo huo haujui kusubiri. Alikuja kusalimia, akaona mchoro ukutani, akaona kisu, akataka nirudi nikute kazi imeisha. Maji yalikuwa nusu bwawa, mchoro uko juu yake, akaona hakuna hatari. Akakata msalaba. Dakika chache baadaye ikanyesha ile mvua ya kwetu isiyobisha hodi, na paa zima likamwaga ndani ya bwawa. Maji yalipofika kwenye msalaba, mkato wa chini ukaanza kushuka wenyewe.

Nilipofika kutoka Birere na raba zangu mfukoni, nilimkuta Rubani amekumbatia bwawa, kifua kimeziba ufa, maji yanamtoka kwapani. Maharage ya Mwamikazi yaliyokuwa yameanikwa yalishafika barabarani. Chukudu alikuwa na kuku chini ya kila kwapa, anatafuta pa kumweka wa tatu. Okapi alishatangaza, kwa hiyo ukutani kwangu kulikuwa na foleni ya bidoni na mabeseni, na Mwamikazi chini ya mwavuli wake anaipanga: wenye watoto wachanga mbele, vijana nyuma. Serikali ilisimama mlangoni bila neno. Wewe mwenye mke unajua uzito wa kimya hicho.

Foleni ile sikuweza kuichukia. Tangu mwisho wa 2022, waliokimbia vita Rutshuru walipojaa Kanyaruchinya, nimeona akina mama wakikesha na bidoni tupu. Baadaye kambi zikavunjwa, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyejifunza kumrudisha mtu mwenye bidoni. Maji yalikuwa yanamwagika hata hivyo, bora yamwagikie kwenye beseni la mtu.

Matengenezo yalikwenda kwa utaratibu. Tulimaliza maji, tukakausha, tukabandika kiraka cha PVC kwa gundi ndani na nje, kikubwa kuupita ufa, kona zake zimekatwa mviringo. Kikasha tukakihamishia sehemu nzima ya ukuta. Kisu alikishika Mwamikazi. Alikikalia kwenye kiti chake, kimefungwa kwenye kitambaa, na hakukitoa mpaka alipohesabu skrubu zote mwenyewe na kumuuliza Rubani kama ameona. Rubani akajibu, "Nimeona, mama." Kikasha kina uzito, kikiachwa kining'inie kinaukunja ukuta, basi tukakifunga kwenye bomba la fremu kwa vipande vya tyubu ya pikipiki. Hilo lilikuwa wazo la Rubani, na ni wazo zuri.

Sasa mvua ikinyesha, maji yanafika nusu ya mdomo na kuanza kutoka. Yanaingia kwenye lengalenga za Mwamikazi, zilizopandwa kwenye udongo aliouleta Chukudu kwa magunia. Juu ya bwawa tumefunga chandarua kwa ajili ya mbu. Kila asubuhi nafungua kikapu: majivu, majani, panzi, na karibu kila mara kandambili moja ya mtoto, ingawa sheria ya Serikali inakataza kuogelea. Namuuliza Okapi, naye mtangazaji wetu siku hiyo hana habari. Naitazama Serikali, nayo inatazama mlima. Narudisha kikapu mahali pake.

Ukipita barabara ya Rutshuru na nguo zako chafu, karibu na bidoni yako. Ya kufulia tunayo. Ya kunywa, Mwamikazi atakuelekeza bombani.