Elimu ya Kung'arisha Gari Uani

Kung'arisha gari nyumbani ni kazi ya hiari ambayo, tofauti na useremala au ufugaji wa kuku, humgharimu mtu fedha nyingi zaidi kadiri anavyozidi kuijua. Ni lazima kwanza itofautishwe na kuosha gari, kwa kuwa watu wengi, hasa majirani na wake wa wahusika, huzichanganya kazi hizi mbili: kuosha ni kuondoa vumbi na tope kwa maji na sabuni, shughuli inayokwisha kabla ya adhuhuri, ilhali kung'arisha ni kuondoa mikwaruzo iliyoletwa na kuosha, kisha ukungu ulioletwa na kuondoa mikwaruzo, kisha madoa yaliyoletwa na kuondoa ukungu, na shughuli hiyo haina adhuhuri. Sanduku la zana la mpenzi wa kazi hii likikaguliwa kwa makini, huonekana kwamba karibu kila kilichomo kilinunuliwa ili kurekebisha madhara ya kilichonunuliwa kabla yake. Wauzaji wa Kariakoo wanaijua kanuni hiyo bila kuisomea, nayo ndiyo itakayofuatwa hapa kuanzia kwenye ndoo hadi kwenye rimu.

Gari linalozungumziwa ni lile linaloonekana katika kila mtaa wa Dar es Salaam: gari dogo lililotumika Japani kwa miaka kadhaa, likavuka bahari, likafika bandarini likiwa bado na rangi ya kiwandani, pamoja na sauti ya kike inayotoa tahadhari kwa Kijapani kila injini inapowashwa. (Wengi huishi na tahadhari hiyo kwa hofu ya kimyakimya, ilhali mara nyingi inasema tu kwamba kadi ya kulipia barabara za kule haijaingizwa.) Rangi ya gari kama hilo kwa kawaida huwa na tabaka tatu juu ya bati: ya chini, inayozuia kutu na kuishikilia rangi, ambayo mafundi huiita praima, ya kati, yenye rangi yenyewe, na ya juu, isiyo na rangi yoyote, inayoleta mng'ao na kuitwa kliya. Kliya huwa na unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, na kwa kuwa mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, kinga yote ya gari dhidi ya jua la Januari ni nyembamba kuliko unywele wa mwenye gari. Kila anayesugua kliya huipunguza, na hakuna namna ya kuirudisha kwa kusugua zaidi, jambo ambalo limeandikwa kwenye chupa nyingi za dawa kwa herufi ndogo sana.

Adui wa kwanza wa tabaka hilo hutoka juu. Kunguru wenye shingo ya kijivu waliojaa mjini hawakuwapo tangu zamani. Asili yao ni Bara Hindi, na waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula takataka za mji. Waliikubali kazi hiyo, wakavuka hadi bara, na tangu hapo wanakula takataka na kuzirejesha juu ya maboneti. Kinyesi cha ndege kina asidi ya uriki, na kikikaa juani kwa saa chache huacha alama iliyozama ndani ya kliya, ambayo maji hayaitoi. Adui wa pili hutoka chini, kwa kuwa visima vingi vya jijini hutoa maji chumvi, na maji hayo yakikaushwa na jua juu ya bati huacha vijiduara vyeupe vya madini. Mtu anayeosha gari jeusi kwa maji chumvi saa saba mchana hulikuta saa nane likiwa na madoadoa ya kanga, yule wa porini, na hapo ndipo siki ya kachumbari inapotoweka jikoni, kwa kuwa siki huyayeyusha madini hayo.

Elimu yenyewe huanza na ndoo. Wataalamu wanakubaliana kwamba gari lioshwe kwa ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia, ili mchanga unaotolewa kwenye mlango usirudishwe kwenye boneti. Kwa maana mikwaruzo ile myembamba ya duara inayoonekana juani haitoki mbinguni, bali hutoka kwenye sponji. Kanuni hii ni ya kweli, na pengine ndiyo pekee katika elimu nzima ambayo thamani yake inazidi gharama yake. Tatizo ni kwamba ilitungwa na watu wasioujua mgao wa maji. Katika nyumba ambayo maji hutoka mara mbili kwa wiki, kila ndoo ina wadhifa, na mwanamume anayeonekana akisuuza sponji la gari kwenye ndoo ya pili huulizwa kwa sauti ya upole mno, "Baba watoto, hiyo si ndoo ya maji ya kupikia?" Swali hilo halina jibu linalokubalika kitaaluma.

Baada ya ndoo huja kitambaa. Tambara la fulana kuukuu, lililohudumia vizazi vitatu vya magari, hushushwa cheo na mahali pake kuchukuliwa na kitambaa cha mikrofaiba, yaani kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba sana za poliesta na poliamidi, ambazo hunasa vumbi badala ya kulisukuma. Masharti yake ni mengi: kisifuliwe na nguo za pamba zinazotoa manyoya, kisitiwe dawa ya kulainisha nguo inayoziba nyuzi zake, na kikidondoka chini kisitumike tena hadi kifuliwe. Lakini uzuri wa kitambaa hiki haufichiki, na kwa hiyo baada ya muda hupatikana kikifuta meza ya chakula, au kikifunika bakuli la maandazi, huku gari likirudia tambara la fulana.

Hatua inayofuata ni ya udongo. Huu si udongo wa mfinyanzi bali ni kipande laini kilichotengenezwa kiwandani, chenye chembe ndogo za kusugua, ambacho hupitishwa juu ya rangi iliyoloweshwa ili kung'oa utomvu, lami na vumbi la chuma lililojichimbia. Mtumiaji huukanda na kuukunja kila mara ili kupata upande safi, na ukianguka mchangani hutupwa bila kujadiliana. Mtoto wa nyumba, ambaye hakuyasoma maelezo, huuona udongo laini wa buluu juu ya kiti cha plastiki na kufanya kile ambacho mtoto yeyote mwenye akili timamu angefanya. Kipande chenye thamani ya mlo wa familia hugeuka ng'ombe mwenye miguu mitano, na ng'ombe huyo hulishwa mchanga.

Kwa vumbi la chuma lililokaidi ipo dawa maalumu ambayo, ikigusana na chembe za chuma, hubadilika kuwa zambarau na kutiririka ikionekana kana kwamba gari linavuja damu ya kifalme. Ndani yake mna kemikali ya jamii ileile iliyotumika kwenye kalikiti, dawa ya kukunja nywele iliyotamba katika saluni za miaka ya 1980. Kwa sababu hiyo harufu yake, ambayo vijana huifananisha na mayai viza, huwafanya akina mama wa rika fulani wasimame nje ya uzio na kuuliza kwa shauku ni nani anayesuka siku hizi.

Kliya ikishasafishwa huonekana vizuri jinsi ilivyokwaruzika, na hapo hununuliwa mashine ya kupiga polishi. Zipo za aina mbili: ile ambayo diski yake huzunguka tu, na ile ambayo diski huzunguka na kuyumba kwa wakati mmoja ili joto lisirundikane mahali pamoja. Ya pili humsamehe mwanafunzi. Ya kwanza hukata haraka na hupendwa kwa sababu hiyo, lakini kwenye kingo za boneti na kona za milango, ambako rangi ni nyembamba, inaweza kuipita kliya, kuipita rangi, na kuifikia praima kabla mtumiaji hajamaliza kumweleza jirani tofauti kati ya aina hizo mbili. Baada ya ajali hiyo hununuliwa nta. Iliyo maarufu zaidi hutokana na majani ya karnauba, mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, na ni ngumu kiasi cha kutoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 80 za Selsiasi. Kwamba watu wa mwambao uliojaa minazi huagiza nta ya binamu ya mnazi kutoka ng'ambo ya Atlantiki, halafu wakaipaka mahali ambapo praima inachungulia, ni jambo la biashara ya kimataifa ambalo halina nafasi hapa.

Yote hayo, hata hivyo, ni utangulizi wa rimu. Rimu za alumini ndizo sehemu ya gari inayochafuka upesi zaidi, kwa kuwa kila breki inaposhikwa hutoa unga wa chuma wenye joto unaonata juu yake, na ndizo sehemu zinazoteseka zaidi mikononi mwa wapendao usafi. Kosa linaloongoza ni dawa ya kusafishia vyoo. Nyingi za dawa hizo zina asidi ya hidrokloriki, na asidi hiyo ikipata mahali ambapo kinga ya rimu imechubuka, huishambulia alumini na kutoa mapovu ya haidrojeni. Mwenye gari akiyaona mapovu hudhani uchafu unatoka, huongeza dawa, na kuridhika mpaka rimu inapokauka ikiwa na mabaka meupe ambayo hayatatoka tena. Afadhali uchafu, kusema kweli.

Kosa la pili ni la shemeji. Gari likiazimwa kwa ajili ya harusi hurudi likiwa na mafuta pungufu na mkwaruzo kwenye rimu ya mbele kushoto, kwa kuwa Tanzania huendesha kushoto na ukingo wa zege wa barabara huwa upande huo. Aliyeazima hana taarifa yoyote, na kwa heshima ya ukwe haulizwi. Badala yake hununuliwa msasa, puti ya kujazia mashimo, tepu ya karatasi ya kuzuia rangi isiguse pasipotakiwa, na makopo ya rangi ya kupuliza. Utaratibu unaeleweka: rimu husafishwa na kukaushwa, sehemu iliyochubuka husuguliwa kwa msasa mkavu wa namba 240 au 400, puti hupakwa na kusawazishwa kwa msasa laini wa 800, kisha hupulizwa praima, rangi na kliya, kila moja kwa tabaka nyembamba kadhaa kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 30, huku kila tabaka likipewa dakika kumi au zaidi za kukauka. Ili tairi lisipakwe rangi bila kulivua kwenye rimu, karata huchomekwa kuzunguka mwanya ulio kati ya mpira na alumini. Njia hii ni nzuri sana, na hasara yake huonekana jioni tu, wachezaji wa kibarazani wanapogundua kwamba ree ya shupaza ina ukingo wa fedha na kila mtu anajua ni nani aliyeishika.

Upepo nao haujapewa nafasi inayostahili katika maelezo ya makopo hayo. Rangi ya kupuliza ni ukungu wa matone, na kiasi kikubwa cha ukungu huo hakifiki kwenye rimu; katika miezi ya kusi husafiri hadi kwenye kamba ya nguo ya jirani wa upande wa kaskazini. Jirani mwenye adabu hatapiga kelele. Atazikunja kanga zake zilizometameta, ataingia ndani, na kesho yake atapita mbele ya geti taratibu akiwa amejifunga kanga nyingine iliyochaguliwa kwa jina lake, nalo ujumbe utakuwa umefika.

Linabaki suala la rangi yenyewe. Kibati kilicho chini ya boneti hutaja namba ya rangi ya bodi. Kwenye Toyota nyingi za rangi ya fedha, kwa mfano, namba hiyo ni 1F7. Mwenye gari huipeleka Kariakoo kwa fahari, hununua kopo linalolingana nayo, na hugundua baada ya kliya kukauka kwamba kibati hakikuzungumzia rimu, ambazo ni fedha ya ukoo mwingine kabisa. Sasa rimu moja inafanana na milango na tatu zinafanana zenyewe kwa zenyewe, hivyo zote nne hupakwa. Rimu nne mpya huzifanya kalipa, yaani vishikizo vya breki vinavyoonekana nyuma yake, zionekane chakavu, nazo hupakwa nyekundu. Kwa shauku hiyohiyo hupakwa hata viti vya nati, ingawa rangi inayobanwa kati ya nati na rimu huachia baadaye na kuilegeza nati, ndiyo maana ni lazima zikazwe tena baada ya safari fupi, kwa kukingamana wala si kwa kufuatana. Vipande vya risasi vilivyobandikwa kwa ajili ya balansi vilikuwa vimeng'olewa wakati wa kusugua kwa kudhaniwa kuwa uchafu, na usukani huanza kutetemeka gari linapoikaribia Chalinze kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Dawa ya kuyatia matairi weusi, yenye mafuta ya silikoni, nayo huruka kwa mzunguko na kuchora mstari wa vitone kwenye milango, ambayo inabidi ioshwe kwa ndoo.

Siku ya kuuza hufika hata kwa gari lililopendwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam hatafuti mng'ao. Anatafuta rangi ya kiwandani, kwa sababu gari lililorudiwa rangi hushukiwa kuwa limegongwa, na wapo wanaotembea na sumaku mfukoni ili kutambua mahali ambapo puti imechukua nafasi ya bati. Huligonga boneti kwa vidole, huchuchumaa na kuitazama praima iliyochungulia kwenye kona ya mlango, huhamia kwenye rimu nne zisizo na hata mkwaruzo mmoja, kisha kwenye kalipa nyekundu, akisimama kila mahali kwa muda unaotosha kupunguza bei.

"Mzee wangu," huuliza hatimaye, akijipangusa mikono kwa kitambaa cha mikrofaiba alichopewa, "lilipinduka wapi hili?"