Shangazi wa Kolandoto: Daiti na Siku Tano za Pasaka

Barua zimejaa mapema mwaka huu, na nyingi zina kilio kimoja. Chanzo kiko kwenye kalenda ya 2026: Ijumaa Kuu ni Aprili 3, Pasaka Aprili 5, Jumatatu yake Aprili 6, na kabla watu hawajaosha masufuria, Jumanne Aprili 7 ni Siku ya Karume. Siku tano mfululizo, ofisi zimefungwa na majiko yamefunguliwa. Waliokuwa wanajinyima tangu Januari wameanza kutetemeka. Shangazi atajibu kadiri nafasi inavyoruhusu. Walioulizia chai ya kuyeyusha kitambi wasisubiri jibu, barua zao nimewashia mkaa.

*Shikamoo Shangazi. Nimeolewa Kolandoto, naishi Mwanza. Tangu Februari nimepunguza wali, soda nimeacha, na gauni limeanza kunikaa. Ijumaa tunakwenda ukweni. Mama mkwe amepiga simu, anasema kuna jogoo watatu wananisubiri. Nikimwambia niko kwenye daiti atanielewa? – Mkwe Mwembamba, Nyegezi*

Marahaba mwanangu. Hatakuelewa. Ukimwambia mama wa Kisukuma uko kwenye daiti, yeye atasikia kwamba mwanaye hakulishi, au unaumwa na unaficha, au chakula chake kina kasoro. Jua halijazama habari itakuwa imewafikia mawifi, na Jumamosi asubuhi utaletewa uji wa karanga mpaka kitandani ili urudishe afya. Kwa hiyo ukisahau yote nitakayokuambia, hili moja lishike: daiti haitangazwi. Ni siri yako na gauni lako.

Ukishuka tu kwenye gari, kabla hujaulizwa lolote, sema: "Mwangaluka mayu. Safari hii nimefuata mlenda wako na nsansa, mjini hatuvipati vya namna hii." Kisha mtazame uso. Sikukuu ndiyo siku mlenda unapofichwa, kwa kuwa unahesabika chakula cha shida na mgeni hawekewi. Ndiyo maana mezani kunajaa pilau, wali, viazi vya kukaanga na nyama juu ya nyama, na jani pekee ni kachumbari iliyosukumiwa pembeni. Wewe umeliomba jani kwa jina lake, na ombi lako ni sifa kwa mpishi. Atakupikia, tena atawasimulia majirani kwamba mkwe wa mjini hana maringo. Ila nsansa, hayo majani makavu, huku huungwa kwa karanga za kutwanga, na karanga zina mafuta mengi. Chukua ya kulia ugali, usiinywe kama supu.

Tukija kwa jogoo, omba shingo, mgongo na bawa. Hivyo ni vipande vya mifupa mingi na nyama kidogo, utatafuna robo saa nzima na mdomo utaonekana una kazi. Mifupa iache ukingoni mwa sahani, usimtupie mbwa. Mama mkwe hahesabu matonge, anahesabu mifupa. Ukimaliza inuka, shika mwiko, gawia wengine. Mgawaji anasifiwa kuwa mkwe mwema, na hakuna anayemuuliza amekula nini, maana muda wote yuko kwenye sufuria.

Soda isingizie gesi ya tumbo. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Ungemwona mtu anatia vijiko tisa kwenye kikombe ungemwita wakala wa kiwanda cha sukari.

*Shangazi, mimi ni mchimbaji wa Katoro. Zamani nilikuwa nashuka duarani, mwili ulikuwa mkavu. Sasa nina karasha langu na kitambi kinatangulia mlangoni. Daktari anataka nipunguze uzito. Lakini nikienda nyumbani Pasaka ndugu wananitegemea kwa mbuzi na kreti za bia, na nikila kidogo wanasema nimefulia. – Bosi*

Kaka, hujarogwa. Duarani ulikuwa unakula mlima wa ugali wa dona na kuumaliza kwa sururu kabla ya saa sita mchana. Duara umeliacha, mlima hujauacha. Siku hizi karasha linasaga mawe na wewe umekaa kwenye kiti cha plastiki unalisikiliza.

Habari njema ni kwamba serikali imekufutia mlo mmoja wa njiani bila wewe kujua. Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na kilomita tatu za maji sasa zinavukwa kwa dakika chache. Wakati wa kivuko foleni iliuliwa kwa kula: samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma. Mtu alifika kwao akiwa ameshakula sikukuu moja njiani. Mlo huo umekufa, usiufufue Misungwi.

Kuhusu kuonekana umefulia, sikiliza. Mwenye kununua mbuzi hajafulia, hata kama atakula kiganja. Mnunue, mkabidhi mjomba kisu mbele ya watu, halafu kula nyama choma yako bila woga. Nyama haikunenepeshi kama kile unachoshushia. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, ya wanga ina 4. Bia ya nusu lita inakaribia kalori 200, nawe hunywi moja. Bia zigawe kwa wingi wa kitajiri na yako iwe inakaa mkononi mpaka ipate moto. Hakuna anayeikagua chupa ya mtu aliyelipa.

*Shangazi, tangu mume wangu aanze kumsikiliza Profesa Janabi kwenye simu, ananihesabia vijiko vya wali. Pasaka tuna wageni kumi na wawili, naogopa atawahesabia na wao. – Mke wa Profesa, Ibadakuli*

Profesa Mohamed Janabi hana kosa, mama. Ameongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akaongoza Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Akisema tunakula kupita mahitaji yetu, anasema kwa mioyo aliyoiona. Wanaotusumbua ni maprofesa wa kuazima, waliotazama video ya dakika mbili wakamaliza udaktari wao. Mwambie mumeo kijiko cha mgeni ni mali ya mgeni, ahesabu cha kwake.

Na usiku, kama saa tano hivi, pita jikoni polepole. Wanaohesabu vijiko vya wenzao mchana ndio hao hao wanaokula ukoko gizani wamesimama. Ukimkuta usiseme kitu. Kohoa tu.

Viporo, kwa kweli, ndivyo vinavyoua daiti kuliko Jumapili yenyewe. Jumapili unakula mara moja mbele za watu, na aibu inakusaidia. Jumatatu na Jumanne pilau inarudi kikaangoni ikiongezwa mafuta, na hakuna shahidi. Gawa yote Jumapili jioni. Wanafunzi wa chuo cha afya hapa Kolandoto waliobaki bwenini hawajawahi kukataa pilau.

*Mwanangu, nina sukari mwaka wa sita sasa. Nataka sikukuu niache dawa na nifunge asubuhi, ili mchana nile na wajukuu kwa nafasi. Ni sawa? – Mzee wa Old Shinyanga*

Shikamoo mzee wangu. Hapa utani naweka chini. Sio sawa. Dawa hazina likizo, ziangalie leo zisije zikakuishia katikati ya sikukuu. Na kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, kufunga asubuhi kunaweza kukuangusha ibada haijaisha. Kula kwa saa zako za kila siku: nusu ya sahani mboga, robo nyama, robo wali, na maji ya kunywa. Ukianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, hapo ndipo soda ina kazi ya halali. Kunywa nusu chupa, mwambie mtu aliye karibu, na usipopata nafuu haraka wakupeleke hospitali. Wajukuu watakula na wewe hata ukila robo.

*Shangazi, nijipime lini baada ya sikukuu? – Mwoga wa Mizani, Maganzo*

Usijipime Jumatano. Wali na chumvi hushika maji: mwili ukiweka akiba ya wanga, huweka na maji kama mara tatu ya uzito wa akiba hiyo. Kilo mbili utakazoziona Jumatano, nyingi ni maji. Kilo moja ya mafuta hasa inadai ziada ya kalori kama 7,700, na hata kwa mapishi ya Maganzo hiyo ni kazi ya kutwa kucha. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapima watu wazima 195 kabla na baada ya sikukuu zao za Novemba mpaka Mwaka Mpya. Kwa wastani waliongezeka chini ya nusu kilo. Kilichonitisha mimi ni kwamba uzito huo miezi iliyofuata haukuondoka.

Jipime Jumatatu Aprili 13, asubuhi, ukitoka chooni na kabla ya chai, kwenye mizani ile ile ya siku zote. Na ninyi mnaouliza kama mizani ya pamba inafaa, kwa kuwa imekaa bila kazi mpaka msimu ufunguliwe: wakulima wamelalamika miaka nenda rudi kwamba inapunja kilo, na najua ndiyo sababu mmeipenda.