Kibao cha Shilingi 35,000

Jamani, mimi si mgomvi. Waulizeni watu wa mtaa wetu huku Mbagala: tangu nihamie hapa sijamkunja mtu shati. Lakini Jumanne ile, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nimeshapiga viatu rangi vinang'aa, nawahi daladala, jirani yangu katoka na dumu la maji aliyofulia tangu jana, akayamwaga palepale mlangoni kwangu. Povu likaniingia mpaka kwenye soksi. Nikamwambia, "Jirani, huoni watu?" Akanijibu bila hata kunitazama: "Kama hutaki kulowa, hamia Masaki kwa matajiri."

Mkono ukaondoka wenyewe. Kibao kimoja tu, paa!

Nikadhani yameisha. Jioni narudi, namkuta mgambo kakalia ndoo yangu, ananisubiri. Kumbe mwenzangu alishapita kituo cha polisi akachukua fomu ya PF3, akaenda nayo hospitali ikajazwa, na sasa alikuwa anaitembeza mtaani ndani ya bahasha ya kaki utadhani cheti cha chuo kikuu. Kibao kilitua shavu la kushoto. Bandeji ilikuwa shingoni.

Nikampigia mpwa wangu anayesoma sheria, ambaye ada ya muhula mmoja nililipa mimi. Akaja na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kitu walichotutungia Waingereza mwaka 1930. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria, lakini kitabu cha huyu kijana ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo hata makosa yangu mwenyewe nasubiri nitafsiriwe.

"Mjomba, shambulio la kawaida ni kifungu cha 240, hadi mwaka mmoja. Wakisema umemdhuru mwili, ni 241, hadi miaka mitano."

"Miaka mitano, kibao?"

"Inategemea daktari kaandika nini."

Nikaikumbuka ile bandeji.

Nikaanza na utetezi wa kwanza: nilikuwa najilinda. Kijana akakubali kwamba haki hiyo ipo, kifungu cha 18, mradi nguvu unayotumia iendane na hatari yenyewe. Kisha akaniuliza, "Yeye alishika nini?" Nikasema dumu. "Kwa mikono mingapi?" Yote miwili. Akanyamaza, akanitazama kama hakimu.

Nikasema basi nilikuwa nalinda mali, na mali hiyo ni viatu. Sheria inaruhusu pia kulinda mali. "Lakini mjomba, viatu vilikuwa vimeshalowa. Hapo ulikuwa unalinda nini?" Ada yangu hiyo, inanihoji sebuleni kwangu.

Ulevi? Hautetei mtu, labda awe amenyweshwa na mwenzake bila kujua, au pombe imemtoa akili kabisa. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi.

Nikabaki na karata yangu kubwa: alinighadhibisha. Hamia Masaki! Nani angevumilia? Kijana akafunua kurasa, akaniambia utetezi wa kughadhibishwa ghafla umo, vifungu vya 201 na 202, na kipimo chake ni mtu wa kawaida wa jamii yako mwenyewe. Nikafurahi, maana mtu wa kawaida wa mtaa huu angetumia ufagio. Ndipo akaongeza kwamba utetezi huo ni wa kesi ya mauaji tu: unaishusha ikawa kuua bila kukusudia. Kwa kibao haupo. Labda nimwambie hakimu anihurumie wakati wa kupanga adhabu.

Yaani ningeua, hasira yangu ingesikilizwa kwa vifungu viwili. Nimepiga kibao, nikaombe huruma. Waliotunga hili hawajawahi kupanga chumba.

Kijana akanogewa na somo, akasema hata mke au mume huna haki ya kumchapa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66. Mke wangu, ambaye sijamgusa hata kwa ukucha, akatoka jikoni: "Rudia hicho kifungu, mwanangu." Akakiandika nyuma ya kalenda.

Tukaishia kwa mjumbe wa mtaa. Hata hakimu, shambulio likiwa dogo, sheria inamruhusu kuwapatanisha watu na kuwaacha wakubaliane fidia, basi tukaona ya nini kupanga foleni mahakamani. Jirani alitaka laki moja na nusu, akiipapasa shingo. Mjumbe akamuuliza kibao kilitua wapi. Akaonyesha shavu. Tukashuka mpaka 35,000, na soda tatu juu yangu, ikiwemo ya mjumbe.

Bandeji ilitoka jioni ileile. Maji bado anamwaga, kila Jumanne, palepale. Mimi siku hizi natoka na ndala, viatu navibeba mkononi mpaka kituoni, na nikimpita namwamkia.