Wati 9 za Bure

Mpwa wangu anasomea umeme chuoni, na siku hizi akija kunisalimia hatuongei habari za nyumbani tena. Anachora. Juzi kanichorea nyuma ya risiti betri mbili, ya volti 12 na ya volti 9, chanya inatazamana na chanya, katikati rezista ya omu 3.

"Mjomba, kila betri inatoa wati ngapi?"

Nikaendelea na chai yangu. Akajipigia mwenyewe: volti zinapingana, zinabaki 3, gawa kwa omu 3, mkondo ampea 1. Betri ya 12 inatoa wati 12. Hapo tulikuwa pamoja. Ya 9 sasa, eti haitoi kitu! Mkondo unaiingia kwa upande wa chanya, kwa hiyo inafyonza wati 9. Rezista inachukua 3 zilizobaki, inazifanya joto.

Nilikereka. Betri nzima, imenunuliwa kwa hela, halafu inakula robo tatu ya jasho la mwenzake. Shemeji kabisa, aliyehamia kwako kwa ahadi ya kuchangia kodi.

Na alama zake! Vitabu vingi vinahesabu kufyonza kuwa chanya na kutoa kuwa hasi. Betri inayochapa kazi inaandikiwa hasi 12. Mlaji anapewa chanya 9, utadhani kafaulu mtihani. Kisha unajumlisha, 9 na 3 toa 12, unapata sifuri, na mwalimu anafurahi. Ukurasa mzima wa jasho kutafuta sifuri, kitu nilichokuwa nacho mfukoni tangu tarehe 20.

Mishale ya mkondo, ya kutoka chanya kwenda hasi, nayo haiaminiki. Benjamin Franklin ndiye aliyetuletea chanya na hasi, karne ya 18. Mwaka 1897 J. J. Thomson akagundua elektroni, kumbe kwenye waya zinakwenda kinyume na mshale. Kuna aliyefuta mishale? Wapi! Mpwa ananituliza kwamba haidhuru, wati zinatoka zilezile. Mimi inanidhuru.

Nikamwuliza simu yake, iliyochomekwa ukutani kwangu tangu asubuhi, iko upande gani wa hesabu.

"Mkondo unaingilia chanya, mjomba. Inafyonza."

Umeme wa LUKU nanunua mimi.