Barua ya wazi kwa TFF: ombi la mzani

Waheshimiwa viongozi wa TFF,
Karume, Ilala.

Nawaandikia kutoka Kasansa, Mpimbwe, mkoani Katavi, ambako Taifa Stars tunaitazama kwenye kibanda umiza na kelele zetu hazifiki Dar es Salaam. Kwanza hongereni kwa hesabu zenu. Zimetushinda.

Januari 2024, kwenye AFCON kule Ivory Coast, tulichapwa 3-0 na Morocco, kisha kocha Adel Amrouche akasimamishwa mashindano yakiwa bado yanaendelea. Timu mkamtwisha kocha mzawa, Hemed Suleiman, siku chache kabla ya Zambia. Sare 1-1. DR Congo, sare 0-0. Pointi 2, mkia wa kundi, tukarudi.

Desemba 2025, kwenye AFCON iliyofuata, chini ya Miguel Gamondi, Nigeria wakatufunga 2-1, kisha sare ya 1-1 na Uganda, na nyingine kama hiyo na Tunisia. Pointi 2 zilezile! Safari hii zikatuvusha 16 bora kwa mara ya kwanza, tukiizidi Angola kwa bao moja la kufunga. Tulishangilia mpaka mwenye kibanda akaanza kuzihurumia nguzo zake. Gamondi simlaumu, alikabidhiwa timu Novemba, akafanya kazi yake.

Nauliza tu: tiketi ya kwenda AFCON hiyo aliikata nani? Guinea walilala 1-0 kwa Mkapa, Novemba 2024, benchi likiwa la nani? Na robo fainali ya CHAN, Agosti 2025? Miezi michache baadaye Hemed hayupo. Nakubali, Niger walitufunga nyumbani na Kombe la Dunia likatupita. Lakini lilimpita kila kocha aliyewahi kuifundisha Stars, ni yeye tu ninayesikia akidaiwa.

Kipimo hicho tunakijua: huku kwetu mnunuzi wa mpunga haridhiki gunia likijaa. Atalishindilia mpaka liote kichwa. Ndiyo lumbesa, na Serikali imeipiga marufuku. Kwa heshima zote, naomba Wakala wa Vipimo wafungue dawati hapo Karume, wahakikishe kocha mzawa naye anapimwa kwa kilo, na tarehe aliyopewa timu inapanda mzanini pamoja naye.

Wakimaliza hapo, wapitie na Kasansa. Msimu wa kuuza mpunga hauko mbali, na wanunuzi wenyewe hawajambo.

Wenu,
Mkulima na mshabiki, Kasansa.